Mgeni Asiyefika Siku ya Tatu

Methali inasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku hizi tunaitumia zaidi kwa utani, binamu anapozidisha wiki sebuleni na rimoti ya televisheni imeshakuwa yake. Lakini ukiitazama vizuri, haisemi mgeni afukuzwe. Inasema apewe jembe. Zile siku mbili za kukaa kivulini, kuletewa maji ya kunawa na kupakuliwa minofu, ni kama mkopo. Siku ya tatu mgeni anaingizwa katika hesabu ya nyumba, anashika mpini, na kuanzia hapo anakula jasho lake kama wengine. Jembe ndilo linalomtoa katika ugeni.

Sasa mfikirie mgeni anayekuja asubuhi na kuondoka jioni. Huyu hafiki siku ya tatu. Kesho yake anakuja mwingine, naye ni wa siku ya kwanza, na keshokutwa mwingine tena. Kijiji cha pwani chenye watalii kinaishi katika siku ya kwanza ya ugeni mwaka mzima, na jembe linabaki limeegemezwa ukutani. Mgeni wa namna hii anadaiwa nini? Akishalipa nauli, chakula na kiti cha kulala chini ya mwavuli, je, deni limekwisha?

Sikulitafuta swali hili. Lilinijia kwa sababu nilipewa kazi ya kupanga safari. Sisi ni wanane, tulisoma chuo pamoja, sasa tumetawanyika katika ofisi za Dar es Salaam, na tulikubaliana kwamba mwaka huu hauishi kabla hatujapata siku moja Zanzibar ya kutofanya chochote. Ijumaa tulale Mjini, Jumamosi nzima tuwe ufukweni, Jumapili turudi na boti. Mimi nilitwishwa mipango kwa sababu moja tu: nina shangazi Jambiani.

Shangazi yangu analima mwani.

Kabla ya Jambiani yalitajwa mengi. Mmoja alitaka Nungwi, kaskazini, kwa kuwa kule maji yakipwa hayaendi mbali sana. Mwingine alitaka fungu la mchanga la Nakupenda, ambalo hutokeza maji yakipungua na kumezwa yakijaa. Ikatajwa Changuu, kisiwa cha makobe wakubwa, chenye lile jengo lililojengwa mwaka 1893 liwe jela na likaishia kuwa karantini ya wasafiri. Pale ambapo zamani watu walishurutishwa kukaa bila kazi, leo watu wanapanda mtumbwi wa mashine na kulipa ili wakae bila kazi. Lakini bajeti yetu ilikuwa ya vijana wa mshahara wa kwanza, na Jambiani kuna ndugu. Hoja ikafungwa.

Katika grupu letu la WhatsApp, mahali tunapokwenda paliitwa bichi. Shangazi anapaita pwani. Nilidhani ni kitu kimoja kwa majina mawili, mpaka nilipoanza kupanga saa. Neno pwani limebeba kupwa ndani yake: ni mahali ambapo maji hupwa. Anayesema pwani ameshakubali tangu mwanzo kwamba bahari itaondoka. Anayesema bichi anategemea kuikuta.

Mambo ya maji ya upande ule ni haya. Bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika hamsini hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua: maji hujaa sana na hupwa sana, tofauti ya juu na chini ikikaribia mita nne. Katikati ya vipindi hivyo, mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu, kama mtu anayejigeuza kitandani. Pwani ya mashariki ya Unguja, kuanzia Bwejuu na Paje hadi Jambiani, ina mwamba kwa mbali unaovunja mawimbi, na ndani ya mwamba kuna maji ya kina kifupi juu ya mchanga mweupe. Siku za bamvua maji yale yote huenda zake. Na hutokea kwamba, kwa pwani yetu, bamvua hupwa kabisa mnamo saa nne au saa tano asubuhi.

Fikiria maana yake. Mgeni ameamka, amekunywa chai, amejipaka mafuta ya jua, amefika ufukweni saa nne na nusu na bahari haipo. Kuna mchanga wenye majimaji mpaka upeo wa macho, madimbwi, kaa, mitumbwi na ngalawa zimelala ubavu. Na kuna wanawake. Wako mbali kule, wameinama, vitambaa vimefungwa kichwani, katikati ya safu za vigingi vidogo vilivyofungwa kamba. Kwao saa hiyo ndiyo ya shamba. Saa ambayo bichi imefungwa ndiyo saa ambayo pwani imefunguliwa.

Kilimo hiki cha mwani wa kuuza kilianza huko mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino, na hadi leo wengi wanaokifanya ni wanawake. Unapigilia vigingi mchangani, unavuta kamba, unafunga vipande vya mwani kimoja kimoja kwa nyuzi, unasubiri wiki sita hivi, kisha unavuna na kubeba mzigo uliolowa maji ya chumvi mpaka nchi kavu, unauanika, unamuuzia mnunuzi kwa kilo. Ukikauka unapungua uzito sana, ndiyo maana kilo moja ni safari nyingi za mgongo. Unapelekwa ng'ambo, unatolewa utomvu unaotumika kugandisha aiskrimu, dawa ya meno na vipodozi. Maji yameanza kuwa ya moto kuliko zamani, na aina ya mwani yenye bei nzuri zaidi haivumilii joto; inataka maji ya kina zaidi, na wanawake wengi wa kule hawakufundishwa kuogelea. Shangazi hajui kuogelea. Amefanya kazi baharini kwa zaidi ya miaka ishirini, na bahari anayoijua ni ile inayoishia kiunoni.

Niliandika haya kwa kifupi kwenye grupu, nikaweka na ratiba ya maji ya mwezi huo. Majibu yalikuwa mawili makubwa.

Rafiki mmoja, ambaye tunamtegemea kwa picha, aliuliza: "Sasa picha tutapigaje na watu wamejaa pale?" Si mtu mbaya. Anapenda vitu vizuri, na alikuwa ameona picha za Jambiani zenye mchanga, mnazi mmoja ulioinama na hakuna mwanadamu. Mwingine, mwenye moyo laini kuliko sisi sote, aliandika meseji ndefu usiku: hawezi kulala kwenye kiti huku mama wa watu ameinama mbele yake kwenye jua. Roho itamsuta. Bora twende mahali pengine.

Nilizisoma meseji zote mbili mara kadhaa kabla ya kuona kwamba zinaomba kitu kimoja. Wote wawili wanataka wale wanawake wasionekane, mmoja kwa ajili ya picha, mwingine kwa ajili ya dhamiri. Tena nadhani dhamiri ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu mpiga picha anajua anachotaka, ila mwenye dhamiri anaamini kwamba akihamia ufuo usio na mfanyakazi amewatendea wema wafanyakazi. Ufuo huo usio na mfanyakazi mara nyingi ni ule ambao wamekwisha kuondolewa.

Swali la kupumzika mbele ya anayefanya kazi ni la zamani sana. Aristotle alifundisha kwamba tunahangaika ili hatimaye tupate wasaa, na kwamba wasaa ndio mahali pa maisha bora: pa kufikiri, kuzungumza na marafiki, kuutazama ulimwengu. Neno lake la Kigiriki kwa wasaa huo, skholē, lilipita kwenye Kilatini likaingia Kijerumani, nasi Wajerumani wakatuachia likiwa shule. Ndiyo, shule. Neno tulilolihusisha na kengele na fimbo lilikuwa, kwenye shina lake, neno la mapumziko. Napenda kuwaambia watu jambo hili, ila huwa naona aibu kuliacha hapo, maana Aristotle huyohuyo alimwita mtumwa chombo chenye uhai, na akasema kama vyombo vya kufumia vingejifumia vyenyewe bwana asingehitaji mtumwa. Alielewa vizuri kabisa kwamba wasaa wake una mtu chini yake. Hakuona kwamba hilo ni tatizo.

Nasi hatuna haki ya kumcheka kwa mbali. Barazani za Unguja za karne ya 19, pamoja na mazungumzo yake yote mazuri, kahawa na mashairi, zilikaa juu ya mashamba ya karafuu yaliyolimwa na watumwa. Soko la watumwa la Mjini lilifungwa mwaka 1873 na utumwa wenyewe haukuisha siku hiyo. Mtu anayekwenda kupunga upepo Zanzibar anakwenda mahali ambapo swali la nani anapumzika kwa jasho la nani limewahi kujibiwa kwa minyororo.

Lakini shangazi si mtumwa, na kumlinganisha na mtumwa ni kumtusi. Ana shamba lake, ana kamba zake, huamua mwenyewe aende au asiende, na hela ya mwani, ndogo kama ilivyo, ni hela ambayo hakuna mwanamume aliyempa. Alisomeshea watoto wawili kwa hela hiyo. Kwa hiyo yule rafiki mwenye roho laini anakosea pale anapomwona kama mtu anayeonewa na kule kupumzika kwetu kwenyewe. Jua linalomchoma haliongezeki kwa kuwa mimi niko kivulini.

Hapo mhasibu wetu akaingia na hoja ambayo huwezi kuikwepa katika mjadala wowote wa utalii: tunaacha hela. Tukienda, dereva anakula, mwenye gesti anakula, muuza madafu anakula. Tukijifanya na dhamiri tukabaki Dar, nani amefaidika? Ni hoja ya kweli, na wanaoidharau kwa kawaida wana mshahara. Tatizo lake ni kwamba inawahesabu tu watu wanaotuuzia kitu. Mwanamke aliye shambani hatuuzii kitu. Hatujui, hatutaki, ana miadi na maji yake. Na bado kuna kitu chake tunachotumia: ile pwani. Vijana wa mchezo wa kuteleza majini kwa tiara wanapita juu ya kamba zake. Mlinzi wa hoteli moja, sitaitaja, aliwahi kunisimamisha nikitembea mchangani na kuniuliza ninakwenda kwa nani, wakati wageni wawili weupe mbele yangu hawakuulizwa. Nami nilikuwa ninakwenda kwa shangazi, ambaye babu yake alivuta mtumbwi palepale. Hela yetu haifiki kwenye madhara ya aina hiyo. Inapita juu yake kama tiara.

Jamaica Kincaid, katika kitabu chake A Small Place cha mwaka 1988, aliandika juu ya Antigua kwamba kila mwenyeji angeweza kuwa mtalii, kwa kuwa kila mtu huchoshwa na kwao, ila wengi ni maskini mno kuweza kwenda popote, na ndiyo sababu wakimwona mtalii humwonea wivu. Nilikisoma nikiwa chuo na kukiona kama kitabu cha kuwashambulia wazungu. Sasa nakisoma tofauti, maana mimi ni mtalii wa ndani, kama matangazo yanavyotuhimiza tuwe, na mwenyeji anayeniangalia nikipita na begi la pwani ananiita mwanangu.

Basi nilimpigia simu. Sikujua nimuulize vipi. Huwezi kumpigia mtu mzima ukamuuliza kama mapumziko yako yanamdhalilisha.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu, hujambo? Hawajambo huko?"

Tulizunguka kwanza kwa wagonjwa, kwa mvua, kwa mtoto wa jirani aliyeposwa. Kisha nikamwambia kwamba tunataka kuja, wanane, na kwamba baadhi ya wenzangu wanaona haya kukaa bure pwani huku nyinyi mnafanya kazi. Alicheka mpaka nikaisogeza simu mbali na sikio.

"Kwani nyie mkilala ndo mwani utakataa kuota? Laleni. Mie haniudhi mtu kulala. Huniudhi mtu apitaye mbele yangu kama apitaye mbele ya mnazi."

Nikanyamaza. Akaendelea: "Apite aseme, pole na kazi. Nimjibu, nshapoa. Basi, yeye aende kwake nami niende kwangu. Kuna wengine hupita hapa wanapiga picha, mtu hata mdomo hafungui. Mie nimeinama, naona miguu tu."

Nimelifikiria sana lile pole na kazi. Tunalisema kila siku bila kulisikia. Huombi msamaha, maana hujamkosea. Hushukuru, maana hakukufanyia wewe. Humpi kitu. Unachosema ni kwamba nimeuona mzigo, najua una uzito, na najua kwa sasa hauko begani kwangu. Naye akijibu ameshapoa, sote wawili tunajua hajapoa. Mzigo haukupungua hata gramu. Lakini kati ya mtu aliyelala na mtu aliyeinama pamepita kitu ambacho Aristotle hakuwa nacho kwa ajili ya chombo chake chenye uhai.

Sisemi salamu inalipa deni. Ingekuwa rahisi mno, na watu wa mjini tungeipenda sana falsafa ambayo gharama yake ni maneno matatu. Yule mlinzi naye alinisalimu vizuri kabla ya kunisimamisha. Nadhani salamu ni mahali deni linapoandikwa. Pasipo salamu hakuna hata daftari.

Kisha shangazi akauliza swali ambalo katika grupu la watu wanane wenye digrii hakuna aliyeliuliza.

"Mwaja maji gani? Bamvua au maji mafu?"

Nikamwambia tunakuja Jumamosi. Akasema Jumamosi si maji. Nikamwambia tarehe. Akahesabu kwa mwezi, akimung'unya kimoyomoyo, akasema siku hiyo bamvua, atakuwa shambani tangu asubuhi mpaka maji yamfukuze. "Mkija wiki ya pili yake mtanikuta. Maji mafu hatwendi, bahari haikauki. Siku hizo tumekaa. Twasukana, twaenda kwenye shughuli, twalala mchana."

Sikuwahi kufikiri kwamba shangazi ana wikendi. Anayo, na kubwa kuliko yangu. Haiji Jumamosi; huja kila mwezi unapokuwa nusu, na hakuna bosi anayeweza kuiahirisha. Huku kwetu mapumziko ni kitu unachoombea ruhusa. Kwake ni kitu kinachokuja na kumzuia.

Na maji mafu yana jambo jingine, zuri kwa wavivu: saa zilezile ambazo bamvua huwa limekauka, saa nne na saa tano asubuhi, maji mafu ndipo yanapojaa. Kujaa kwa upole, ila maji yapo, ya kuogelea. Kwa kuwa kutoka bamvua hadi maji mafu ni wiki moja hivi, Jumamosi moja ikiwa mbaya inayofuata kwa kawaida ni nzuri. Tulichotakiwa kufanya ni kusogeza siku yetu.

Kuisogeza kulichukua siku nne za mabishano. Mmoja alikuwa na harusi, mwingine alishaomba ruhusa kazini. Na mimi mwenyewe nilikuwa na wasiwasi niliouweka moyoni. Kwenda siku ambayo wanawake hawako shambani, je, si kulekule kuwaficha, ila kwa adabu zaidi? Rafiki yetu wa picha alifurahi sana aliposikia pwani itakuwa tupu. Nia yake haikubadilika hata kidogo, na ratiba imempa alichotaka.

Sina njia ya kuchuja nia za watu wanane. Ninachoweza kusema ni kwamba kila ratiba ya mapumziko ni uamuzi juu ya muda wa nani utapinda. Tukitaka chakula saa saba kamili, kuna mtu ameamka saa kumi alfajiri. Tukitaka dereva atusubiri mpaka jua lizame, kuna watoto ambao hawatamwona baba yao macho yakiwa wazi. Mara nyingi hatuuoni uamuzi huo kwa sababu tumelipia, na pesa ina tabia ya kuunyoosha muda uliopinda ili uonekane ulikuwa hivyo tangu zamani. Safari hii muda wa mwezi haukupinda, wa shangazi haukupinda, ukapinda wa kwetu. Hatukuwaondoa watu pwani. Tulisubiri siku ambayo wenyewe wamekaa, ili tukae nao. Kukaa mbele ya mtu na kukaa na mtu ni vitu viwili, hata kama mkeka ni uleule na kivuli ni kilekile.

Ndipo nikakumbuka chakula.

Nilikuwa nimeshaandika kwenye bajeti: chakula cha mchana, kwa shangazi, bure. Pweza wa nazi, wali, mchicha, watu wanane. Yaani siku ambayo bahari yenyewe imempa ruhusa akae, sisi tumpeleke jikoni. Tungekuwa tumekula pumziko lake na kujipangusa midomo. Kumlipa? Mlipe shangazi yako kwa sahani ya wali uone kama utakaribishwa tena. Kutomlipa? Hapo ndipo undugu unaponitia shaka. Ni neno zuri, na ndani yake kazi nyingi sana za wanawake zimezikwa bila hesabu. Mtalii wa kutoka mbali angalau huacha noti juu ya meza. Mpwa huacha sufuria.

Nilipiga tena. Nikasema, kwa kujikanyagakanyaga, kwamba tumefikiria tukale kwa mama ntilie pale barabarani ili tusimsumbue.

"Mama ntilie!" Kimya kidogo. "Nyumba yangu imeungua?"

"Hapana shangazi, ni kwamba hatutaki upike siku yako ya kukaa."

"Na nani kakwambia ntapika mie? Mie ntakaa mkekani. Mtapika nyie. Mnunue samaki wenyewe, mchele mje nao, viungo ntawapa. Mna mikono nyote? Basi. Na wa kukuna nazi waje mapema, nina mbuzi mbili hapa zote nzima."

Nikaenda kuandika ratiba ya mwisho. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi kuondoka Mjini, wote, bila visingizio. Saa mbili kufika Jambiani, kusalimia, kugawana kazi. Saa nne mpaka saa sita na nusu baharini, maji yakiwa juu. Saa saba kula. Baada ya hapo hakuna kilichopangwa. Mavazi ya kuogelea yaishie mchangani, kijijini tujifunike. Asipigwe mtu picha bila kuulizwa. Mtu yeyote mkimkuta na kazi yake, mseme.

Mhasibu aliuliza kama mchango utapungua kwa kuwa tunapika wenyewe. Rafiki mwenye roho laini aliuliza kama kuna kazi ambayo haihusu samaki wabichi. Kisha yule wa picha, aliyezaliwa na kukulia Mbeya, akaandika kwamba amesoma ratiba vizuri ila kuna kitu hajaelewa: kwa watu wanane tu, mbuzi wawili si wengi, na nani kati yetu anajua kuchinja?

Sikumjibu. Nilirudi kwenye orodha na kuandika jina lake mbele ya mbuzi ya kwanza.